Mtendaji anakuzungusha? Namna ya kufuatilia jambo la kijiji au mtaa wako mpaka upate jibu (kwa watu wa Tanga)

Maswali ni yale yale kila wiki. Nimeuliza hela za zahanati nikaambiwa nisubiri. Mwenyekiti wetu hasomi mapato na matumizi mwaka wa pili huu. Twende kwa mkuu wa wilaya au tuite waandishi wa habari? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, kwahiyo nimekaa nimeandika yote sehemu moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie asome. Nimeandika nikiwafikiria watu wa Tanga, mjini na vijijini, Pongwe, Tongoni, Pangani, Muheza, Mkinga huko, lakini hata wa Lindi akisoma atafaidika maana sheria ni moja Tanzania Bara nzima.

Nadharia nitakupa kidogo tu, kisha tunaingia kazini.

Watu wengi wanaamini shida ni kwamba wananchi hawajui, siku wakijua tu mambo yatanyooka. Hiyo imeshapimwa, tena hapahapa kwetu. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika kwenye vijiji 200 vya mikoa ya Tanga na Dodoma, na mwingine wa aina hiyohiyo Indonesia. Nusu ya vijiji wakapewa taarifa za huduma ya wajawazito na watoto wachanga kwenye eneo lao, wakakaa vikao, wakapanga wenyewe cha kufanya, nusu nyingine wakaachwa kama walivyo. Watu walijitahidi kweli, walikwenda zahanati, walikwenda kwa viongozi, lakini mwisho walipolinganisha, kwa wastani huduma haikuwa na tofauti ya maana. Kenya nako wazazi walipewa matokeo ya watoto wao kusoma na kuhesabu wakategemewa wataibana shule, hawakubadilika. Sasa usikate tamaa, kwasababu zipo sehemu nyingine ilifanya kazi vizuri sana na nitakutajia humu ndani. Tofauti ninayoiona mie nikisoma hizi habari ni moja: mwananchi mwenye taarifa peke yake hafiki mbali, anafika akiwa na swali dogo, akalipeleka kwa mtu anayehusika, wakakubaliana tarehe, na juu ya yule mtu kuna mwingine anayekagua. Mtafiti mmoja wa Marekani, Jonathan Fox, aliandika mwaka 2015 kwamba sauti ya wananchi inahitaji meno ya serikali yenyewe. Sauti bila meno ni kelele tu. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Kaunta buku moja, ile ngumu, siyo karatasi za kuchana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ndiyo mali yenyewe.

Watu watano mpaka saba. Usiende peke yako hata kama wewe ndo msomi wa kijiji, mtu mmoja anaitwa mkorofi, watu saba wanaitwa wananchi. Katika hao awepo mama anayetumia hiyo huduma kweli (kama ni zahanati, mwenye mtoto mdogo), awepo fundi au mwalimu mstaafu anayejua hesabu, na awepo mzee mmoja ambaye mwenyekiti akimuona anasimama kumsalimia. Huyo wa mwisho watu wanamdharau lakini ndiye anayefungua milango.

Namba ya NIDA au kitambulisho cha mpiga kura, kwasababu haki ya kuomba taarifa kisheria ni ya raia.

Hela ya fotokopi na nauli ya bodaboda. Changeni. Ukifadhiliwa na mgombea umekwisha.

Simu yenye kamera. Na muda, hesabu miezi siyo siku.

HATUA ZENYEWE

1. Chagua jambo MOJA na liwe la kuhesabika

Hapa ndipo asilimia kubwa wanapoangukia. Wanakuja na "serikali haitujali". Sawa, lakini hilo atalijibu nani? Hata mtendaji mwema hana la kulifanyia kazi. Badilisha liwe hivi: boma la zahanati tulilojenga kwa nguvu zetu limesimama kwenye linta, tuliahidiwa bati, je fedha ya kuezeka imeingia au haijaingia, na kama imeingia ni kiasi gani? Hapo kuna ndiyo au hapana, kuna namba, kuna mtu wa kujibu.

Mifano mingine ya maswali yanayoshikika:

Ruzuku ya shule ya msingi. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hesabu ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 inakwenda akaunti ya shule na 4,000 inabaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 400 basi itegemee milioni 2.4 kwa mwaka kwenye akaunti yake, yaani laki mbili kwa mwezi. Uliza imeingia ngapi.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, wenye ulemavu asilimia 2. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Uliza vikundi gani vya kata yenu vimepata na vigezo vilikuwa vipi.

Mapato na matumizi ya kijiji. Hili la kila mtu, na ndilo zuri la kuanzia kama hamjawahi kufuatilia chochote.

2. Jua ni la nani

Nimeona watu wanamfokea mtendaji wa kijiji kuhusu barabara ambayo yeye mwenyewe anaanguka nayo kila siku na pikipiki yake. Barabara za wilaya na za mitaa ni TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Maji vijijini ni RUWASA tangu 2019 pamoja na chombo cha watumia maji hapo kijijini, ukiwa mjini ni Tanga UWASA. Zahanati kuna mganga mfawidhi na kuna kamati ya usimamizi ya kituo ambayo ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za kituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwahiyo "halmashauri haijatuletea" siyo jibu la kumeza haraka haraka. Shule ni mwalimu mkuu na kamati ya shule.

Majengo saivi mengi yanajengwa kwa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi mkubwa, fundi wa kawaida anapewa kazi na vifaa vinanunuliwa na kamati zilizoundwa hapohapo: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Hizi kamati ni majirani zako! Yale madarasa ya fedha za UVIKO ya 2021/22, 15,000 nchi nzima, milioni 20 kwa darasa, mengi yalipita njia hii. Kabla hujapanda gari kwenda halmashauri muulize kwanza jirani aliyesaini kupokea saruji.

Na hili la wakubwa wawili linachanganya watu: mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa Rais, anasimamia na kusukuma, lakini mwenye kalamu ya fedha za halmashauri ni mkurugenzi. Barua ya hela iende kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya.

3. Pimeni wenyewe kabla hamjauliza

Msiende na "tunasikia". Nendeni na daftari. Kama ni dawa, kwa mwezi mmoja kila anayetoka zahanati mwambieni awaonyeshe cheti chake kama anaridhia, mhesabu dawa zilizoandikwa na alizopewa. Usiandike jina wala ugonjwa wa mtu, hesabu tu. Kama ni watumishi kuchelewa, andika saa mlango ulipofunguliwa, kila siku, bila maoni. Kama ni jengo, hapa ndo nataka nikae kidogo.

Indonesia, mtafiti anaitwa Benjamin Olken alifuatilia barabara za vijiji zaidi ya 600 kisiwa cha Java. Badala ya kuuliza watu wanaonaje rushwa, alipeleka mainjinia wakachimba barabara, wakapima mchanga na kokoto zilizomo, wakalinganisha na risiti. Alafu akajaribu njia mbili. Ya kwanza, vijiji vikaambiwa wakaguzi wa serikali watakuja bila shaka yoyote: fedha zisizojulikana zilipokwenda zikapungua kwa pointi 8 za asilimia. Ya pili, wananchi wakaalikwa kwa wingi kwenye vikao vya kusomewa matumizi: watu walihudhuria kweli, lakini upotevu kwa ujumla haukupungua kiasi cha kujivunia. Kwanini? Walilinda kile walichokiona, yaani malipo ya vibarua wao wenyewe, vifaa vikaendelea kuyeyuka kwasababu nani kijijini anajua barabara ya mita kadhaa inakula kokoto lori ngapi.

Somo kwa mtu wa Tanga ni hili: mchukue fundi. Omba makadirio ya vifaa, mafundi wanayaita BOQ, fundi wako ayapitie, ahesabu bati, kenchi, nondo, mifuko ya saruji, alafu mwende mkalinganishe na kilichosimama. Kikao cha watu mia mbili wasiojua hesabu ya saruji hakimtishi mtu. Fundi mmoja mwenye futi anatisha.

Onyo: usiingie saiti bila kumwambia msimamizi, na usiguse stoo. Mtaitwa wezi nyinyi.

4. Ombeni taarifa kwa maandishi

Mnayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kwa ufupi: raia yeyote anaomba, ofisi ya umma inatakiwa ikujibu mapema iwezekanavyo na isizidi siku 30, na ikikataa ikupe sababu. Wanaweza kukutoza gharama ya nakala. Kuna mambo yamezuiwa kama ya usalama wa taifa, ya faragha ya mtu, ya uchunguzi unaoendelea. Idadi ya bati za zahanati haimo humo.

Barua iwe fupi, nusu ukurasa. Hii unaweza kuiiga:

Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ..............

YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA FEDHA ZA UKAMILISHAJI WA ZAHANATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wakazi wa kijiji hiki, majina na sahihi zetu ziko hapo chini. Tunaomba taarifa zifuatazo: (a) kiasi cha fedha kilichopokelewa kwa ajili ya zahanati kuanzia tarehe 1 Julai mwaka jana, (b) kiasi kilichotumika na kilichobaki, (c) nakala ya makadirio ya vifaa. Tunaomba kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Tuko tayari kulipia gharama za nakala.

Tunashukuru kwa ushirikiano.

Umeona hakuna tuhuma humo? Hakuna "tunashangazwa", hakuna "wananchi tumechoka". Hayo maneno yanakupa raha dakika mbili na yanampa yeye sababu ya kutokujibu.

Toa nakala mbili. Moja wapelekee, nyingine wagonge mhuri wa kupokea na tarehe, hiyo ni yako. Kwenye halmashauri peleka masijala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua, siyo mkononi kwa mtu unayemjua, chukua kumbukumbu namba. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa ni sawa haikuandikwa.

5. Kaeni na mtumishi KABLA ya mkutano

Watu hawapendi hatua hii, wanaona kama kuuza mechi. Mie nasema hii ndiyo yenyewe.

Uganda, miaka ya 2004 na 2005, kulikuwa na jaribio kwenye jamii 50 za wilaya tisa. Wananchi walikaa peke yao wakasema matatizo ya kituo chao cha afya, watumishi wakakaa peke yao wakasema ya kwao, alafu wakakutanishwa wakaandika mkataba wa nani atafanya nini, wakawa wanaurudia kuukagua. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kulinganisha na sehemu ambazo hawakufanya. Habari ikasambaa dunia nzima. Ila nisikufiche, miaka kumi baadae wakarudia kitu cha namna ile Uganda hiyohiyo, vituo 376, na safari hii vifo havikushuka, kilichoboreka ni namna wagonjwa wanavyohudumiwa na kuridhika kwao. Wanaobishana wanabishana, mie naona ni vyema ujue zote mbili ili asikudanganye mtu kwamba kikao kimoja kinaponya. Hata hivyo kuna uchambuzi wa 2019 uliokusanya programu 35 za kushirikisha wananchi kwenye nchi 20, na unaelekea hukohuko: mambo yanasogea zaidi pale mwananchi anapokutana uso kwa uso na mtoa huduma mwenyewe, kuliko pale anapopewa karatasi tu akaambiwa ahangaike.

Kwahiyo wawili au watatu mkamuone mganga mfawidhi, au mwalimu mkuu, au mtendaji. Mwombeni nafasi, siyo kumvamia. Shikamoo inayostahili itolewe hata kama mna hasira. Mwambieni: bwana mganga, sisi tumehesabu hivi, kabla hatujapeleka mbele tunataka tusikie upande wako. Mara nyingi hapo ndo mnajua mambo ambayo hamkuwa nayo. Dawa aliagiza nusu haikuletwa, na yeye anatamani sana wananchi waulize huko juu kwasababu akiuliza yeye anaonekana mkaidi. Mtumishi wa namna hiyo ni wenu, mlindeni, msimtaje mkutanoni kwamba ndo kawaambia.

6. Sasa mkutano mkuu

Kijijini mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Mjini kuna mkutano wa mtaa, ratiba iulize kwa mtendaji wa mtaa. Fanya hivi:

Wiki moja kabla, peleka ajenda yenu kwa maandishi kwa mwenyekiti. Ukiinua mkono kwenye mengineyo, saa kumi na mbili jioni watu wanawahi magharibi, umeshapoteza.

Pangeni nani anauliza. Swali moja, mtu mmoja, dakika mbili. Wa pili anaongeza namba. Wa tatu anauliza "kwahiyo lini?" Wengine kazi yenu ni kukaa na kusikiliza. Mkiinuka wote saba inakuwa vurugu na mwenyekiti anafunga kikao kwa raha zake.

Kina mama wakae mbele siyo nyuma kabisa. Sisi wa pwani tuna tabia wanaume wanajaza viti, wanawake wanakaa kwenye mikeka pembeni, ukiuliza maoni yao unaambiwa "wameshakubali". Wakati aliyekaa foleni zahanati ni nani?

Hakikisha kuna karatasi ya mahudhurio na kuna mtu anaandika muhtasari. Ukitaka kurekodi omba ruhusa kwanza mbele ya watu.

Na usisahau mbao za matangazo. Uganda tena: mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ruzuku ya serikali kwa shule za msingi, kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo ilifika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti na kubandika kwenye shule kiasi kilichotumwa, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wengine wakasema siyo magazeti peke yake, kuna mageuzi mengine ya fedha yalifanyika wakati huohuo, na nadhani wana hoja, maana kule wizara ya fedha ilikuwa imeamka. Lakini karatasi ukutani ni bei rahisi, ombeni tu ibandikwe kila robo mwaka na ipigwe picha siku ilipobandikwa.

7. Makubaliano yaandikwe: nani, nini, lini

"Tutalifanyia kazi" siyo makubaliano. Makubaliano ni: mtendaji ataleta nakala ya makadirio kabla ya tarehe 15, mwalimu mkuu atabandika mapato tarehe 1, wananchi watatoa watu kumi kusomba mchanga Jumamosi. Ndiyo, na nyie muwe na kipengele chenu. Mkataba wa upande mmoja unaitwa amri na hakuna anayeupenda.

Isomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Nakala moja ya muhtasari mnaiomba, mnapiga picha.

8. Panda ngazi, moja moja

Siku zikipita bila jibu, mnapanda, na kila ngazi mnakwenda na faili lenu lote lenye mihuri. Mtendaji wa kata. Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwambieni alipeleke huko na kwenye Baraza la Madiwani. Baraza hilo vikao vyake wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza, hamtasema kitu ila diwani akiwaona mmekaa pale nyuma swali lake litakuwa na nguvu zaidi. Kisha mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya. Kuna e-Mrejesho pia, mfumo wa serikali wa malalamiko na maoni, unaingia kwa simu hata ya kitochi kupitia *152*00#.

Meno yenyewe yako kwa wakaguzi. Halmashauri ina mkaguzi wa ndani. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka anatoa ripoti ya serikali za mitaa, hutua bungeni mwezi wa nne, iko wazi kwenye mtandao, itafute halmashauri yako humo ndani usome wamesema nini. Ukikuta hoja ya mkaguzi inafanana na jambo lenu, umepata dhahabu, maana mkurugenzi hoja ya CAG lazima aijibu na ya kwako anaweza asiijibu. Iambatanishe kwenye barua. Na kama mna ushahidi wa wizi kabisa siyo uzembe, TAKUKURU, namba 113, hiyo peleka kimya kimya, usitangaze kijiweni kwanza.

9. Rudisheni mrejesho kwa waliowatuma

Jibu likija, hata likiwa baya, lisomwe kwa watu. Kundi likinyamaza baada ya kupata jibu, kesho mtaambiwa mmehongwa na safari nyingine hakuna atakayesaini barua yenu.

MAKOSA YANAYOHARIBU KAZI

Kumtaja mtu jina kwenye grupu la WhatsApp kwamba kala hela. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na kuchapisha uongo ni kosa, wewe ushahidi wako ni umesikia. Sema namba, usiseme mtu.

Kuanza na mwandishi wa habari. Mwandishi ni wa baadae, ukimtanguliza ofisi zote zinafunga midomo.

Kuanza mwezi wa tano. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na bajeti za halmashauri zinapikwa miezi mingi kabla, ukitaka kitu kiingie kwenye mpango anza kulisema tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kufuatilia hela iliyokwishatoka unaweza wakati wowote.

Kuchanganya na siasa. Karibu na uchaguzi kila swali linageuzwa kuwa la chama. Sijasema msiulize, nasema msivae fulana.

Kudharau pongezi. Mtendaji akijibu vizuri mwandikieni barua ya shukrani, nakala kwa mkurugenzi. Watu wanacheka nikisema hivi lakini hao watumishi mwaka mzima wanapokea lawama tu, barua ya namna hiyo anaiweka kwenye faili na barua yenu ya pili inajibiwa haraka.

UKIKWAMA

Mwenyekiti haitishi mkutano kabisa. Andikeni barua ya kuomba mkutano, sahihi nyingi kadri mnavyoweza, nakala kwa mtendaji wa kata. Mjaribu na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wako 15 mpaka 25, hamkosi mmoja ambaye ni shemeji yenu.

Siku 30 zimepita kimya. Andikeni barua ya pili kwa mkuu wa taasisi mkiomba mapitio ya ombi lenu, ambatanisha nakala yenye mhuri. Hapa ndo mtaelewa kwanini niliwasisitiza mhuri.

Wanasema hiyo ni siri. Waombe waandike hivyohivyo, kwamba ni siri na kwa kifungu kipi. Wengi wakiambiwa waandike wanakumbuka kwamba siyo siri.

Mmeambiwa fedha haijaletwa kutoka juu. Inawezekana ni kweli kabisa, fedha kuchelewa ni kawaida. Uliza: iliombwa lini na kwa barua ipi? Kama haikuombwa, tatizo ni la hapahapa.

Kundi limebaki watu wawili. Punguzeni jambo, msiongeze vikao. Watu wa kwetu wanachoka na vikao virefu, wana shamba, wana ngalawa, wana vibanda. Kikao cha nusu saa baada ya alasiri kinatosha, aliyeandika daftari asome, kazi igawanywe, watu waondoke.

Mmoja wenu anatishiwa. Simamisheni, msiendelee kishujaa. Andikeni tarehe, maneno, nani alikuwepo. Barua zote kuanzia hapo ziwe na majina yote kwa pamoja, na tafuteni msaidizi wa kisheria, wapo kwenye wilaya nyingi na huduma yao ni bure.

Mtendaji kahamishwa na huyu mpya anasema hajui lolote. Muulize kama jambo lenu limo kwenye hati ya makabidhiano. Kama halimo mpe fotokopi ya faili zima, agonge mhuri kuipokea, na mkumbushe kwa upole kwamba barua ilikwenda kwa ofisi haikwenda kwa mtu, siku zinaendelea kuhesabiwa palepale zilipofikia.